Waendesha baiskeli wa Dar, taa nyekundu inatuhusu na sisi

PedeliMabibo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi, maana kila likiguswa tunagawanyika, wenye magari huku na wenye baiskeli kule, halafu tunalala bila kuamua chochote.

Mimi naendesha baiskeli kwenda kazini, Mabibo hadi Kariakoo na kurudi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: taa ikiwaka nyekundu, mwenye baiskeli asimame. Awe amebeba mkaa, amebeba trei za mayai au hana kitu nyuma, asimame mpaka iwake kijani. Hoja za wenzangu wanaopita nazijua, nazisikia kila asubuhi pale makutano ya Morogoro na Kawawa, Magomeni. Kuna zinazoniingia akilini. Bado nasema tusimame.

Sababu yangu kubwa ni mtembea kwa miguu. Angalieni anavyovuka pale. Anasubiri magari yasimame, yakisimama anashuka kwenye kivuko. Macho yake yako kwenye magari, na masikio yake pia, kwa sababu maisha yote amefundishwa kwamba hatari ina injini na ina honi. Sisi hatuna mlio. Tunakuja pembeni kushoto, kwenye ule upenyo kati ya daladala lililosimama na ukingo wa barabara, na daladala lenyewe limetuziba. Mama aliyebeba beseni kichwani hawezi kuinama kuchungulia. Mtoto wa shule ya msingi ni mfupi kuliko boneti. Wanatuona tukiwa tumeshafika miguuni pao.

Watu wanasema baiskeli haiui. Mwanamume mzima na baiskeli yake ni kilo 90 hivi, na akiwa amebeba magunia mawili ya mkaa anazidi hapo sana. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, uzito huo ukimpiga mzee wa miaka 70 nyonga inavunjika. Mnajua wenyewe mzee akivunjika nyonga kwetu huku mambo yanavyokuwa.

Sababu ya pili ni mwendokasi. Tangu mabasi haya yaanze Mei 2016, barabara ya Morogoro ina kitu ambacho barabara nyingine nyingi za mji huu hazina: njia ya katikati yenye mwendo wake. Magari ya kawaida yakisimamishwa, basi la mwendokasi linaweza kuwa ndiyo kwanza limeruhusiwa. Mwenye baiskeli anaona foleni imelala kushoto na kulia, anadhani njia nyeupe, anajitosa. Lile basi refu lina mita 18. Likishakuwa kasi halisimami ghafla kwa ajili yako, hata dereva akikanyaga breki mpaka mwisho.

Karibuni tuchangie.

---

MtuWaKigogo

Mkuu PedeliMabibo, heshima yako, ila mimi napinga.

Taa za barabarani ziliwekwa kwa sababu ya magari. Kabla ya magari kujaa hakuna mji uliohitaji taa ili baiskeli zipishane. Mimi kwenye baiskeli naona pande zote, sina nguzo ya dirisha inayonikinga, nasikia kila kitu, na nikikanyaga breki nasimama ndani ya mita chache. Kwa nini nifungwe na kanuni ya mtu aliyekaa ndani ya tani mbili za chuma huku anaongea na simu?

Wenzetu wameshalifikiria hili. Jimbo la Idaho kule Marekani, tangu 1982, mwenye baiskeli akifika kwenye alama ya kusimama anaruhusiwa kupunguza mwendo, akiona kweupe anapita. Delaware wakafuata mwaka 2017 na sheria inayofanana. Paris nako, kwenye makutano mengi kuna kibao kidogo cha pembetatu chini ya taa chenye mchoro wa baiskeli na mshale. Kinamruhusu mwenye baiskeli kupita hata kama taa ni nyekundu, kuelekea mshale unakoonyesha. Hao si watu wasiojali sheria. Wameona taa ya gari na taa ya baiskeli haziwezi kuwa kitu kimoja.

Halafu kuna jambo ambalo hukuligusa. Kijani ikiwaka na mimi niko katikati ya magari, bodaboda zinanikata mbele, daladala linavuta kushoto kuwahi kituo, lori linakata kona. Nikitangulia wakati wao bado wamesimama, nafika upande wa pili nikiwa mzima. Mimi nakiuka taa ili niishi.

---

DerevaGongoLaMboto

Naomba niseme kama dereva, bila kumkera mtu.

Kiti changu kiko kulia. Kushoto kwangu kuna abiria wa mbele, na nyuma yake mlango na konda ananing'inia. Baiskeli ikisimama sambamba na tairi langu la mbele kushoto, mimi siioni. Kioo cha kushoto kinaonyesha ubavu wa gari na kipande cha barabara, basi. Konda asipopiga bodi kuniambia kuna mtu, nakata kona nikijua niko peke yangu. Mimi naendesha Coaster. Hawa wenzetu wa malori ya makontena kutoka bandarini kupitia Mandela, kiti kiko juu zaidi, na upande ule hawaoni kabisa.

Kwa hiyo MtuWaKigogo ana haki ya kuogopa ile kijani. Ila kuna kitu kimoja kinanitesa. Baiskeli ikipita nyekundu kutoka upande wa pili wakati mimi ndiyo nimewashiwa kijani, nafunga breki na abiria wote waliosimama wanakuja mbele. Mama mjamzito anajigonga kwenye bomba la kiti. Yule wa baiskeli ameshafika mbali, hajui hata kilichotokea.

---

MkaaKimara

Mimi ndiye mnayemsema. Nabeba mkaa.

Mnaosema "simama tu" hamjawahi kuondoka na mzigo. Gunia mbili nyuma, moja juu yake, zimefungwa kwa mpira. Nikisimama siwezi kukaa kwenye siti nikakanyaga chini kama mwenye baiskeli tupu, naikumbatia baiskeli nzima isianguke. Taa ikiwaka, naisukuma kwanza, inakolea, ndiyo naruka juu. Wakati huo nyuma honi ni moja kwa moja, konda ananitukana mpaka wazazi. Nikipita bila kusimama, mwendo wangu unanisaidia, naenda. Nikisimama kila taa kutoka Kimara hadi mjini nafika nimekwisha.

Siyo kwamba sijali watu. Naogopa kuanguka mbele ya gari wakati wa kuondoka.

---

FundiManzese

Mkaa, kaka, umesema ukweli. Na mimi niongeze jambo la ufundi ambalo hakuna aliyeligusa.

Baiskeli nyingi za mizigo zinazopita kwenye kibanda changu hazina breki. Sisemi breki mbovu, hazina kabisa. Ya mbele ilikatika siku nyingi ikang'olewa, ya nyuma raba zimeisha, kimebaki chuma kinasugua chuma. Mtu akitaka kupunguza mwendo anashusha kandambili kwenye tairi. Nendeni mkaangalie kandambili zao, utakuta soli ya mguu mmoja imelika mpaka karibu na kidole, ya pili nzima.

Sasa mtu huyo mwambie taa nyekundu. Anaiona vizuri sana, ila kusimama hawezi.

Na wakati wa mvua ni mbaya zaidi. Zile rimu za chuma zilizong'arishwa, kama za Phoenix, zikilowa breki za raba zinateleza juu yake, unabana hendeli mpaka mwisho na baiskeli inaendelea kwenda. Rimu za aluminiamu zinashika vizuri kidogo zikilowa. Mwenye mzigo akishuka ile miteremko ya Kimara masika, anapaswa kuanza kubana mapema sana, zaidi ya anavyodhani.

Raba za breki ni bei ndogo. Waya wa breki pia. Anayesoma hapa na ana kijana wake anayebeba mzigo kwa baiskeli, amnunulie kabla ya kumhubiria sheria.

---

PedeliMabibo (mleta mada)

Asanteni wote, hasa MkaaKimara, maana mijadala kama hii huwa tunawasema wabeba mizigo bila wao kuwepo.

Nianze na MtuWaKigogo. Mifano yako ni ya kweli, ila tuimalizie. Idaho walichoruhusu ni kupita baada ya kumpisha kila mwenye haki, na kwenye taa nyekundu bado unatakiwa usimame kwanza ndipo uangalie. Paris kile kibao kiko kwenye makutano yaliyochaguliwa, hakiko kila mahali, na kinakupa ruhusa kwa sharti la kumpisha mtembea kwa miguu na magari yenye kijani. Zaidi ya hapo, Paris tangu Agosti 2021 mwendo wa magari kwenye mitaa mingi umeshushwa hadi kilomita 30 kwa saa. Ruhusa imekuja ndani ya mji uliokwisha kupunguza kasi ya magari.

Sisi kisheria ni 50 maeneo ya makazi, na mnajua barabara ya Mandela saa tatu usiku watu wanakwenda ngapi. Chukua gari dogo la kilo 1,300 kwa kilomita 50, linganisha na mwenye baiskeli wa kilo 90 kwa kilomita 15. Nguvu ya mwendo iliyomo kwenye lile gari ni mara 160 hivi ya aliyonayo yule wa baiskeli. Huko ndiko unakopeleka kosa lako la kukadiria. Na tunakosea, mkuu. Unaangalia kulia, unaona Coaster mbali, unahesabu una muda, kumbe kuna bodaboda kavaa jaketi jeusi kaziba nyuma ya Coaster anaipita.

Ulichosema kuhusu kutangulia nakikubali kama hitaji, na nataka tulidai. Kuna miji mstari wa magari umerudishwa nyuma, mbele yake pamechorwa boksi la baiskeli, kwa hiyo unasimama mbele ya magari yote na kila dereva anakuona mgongo. Kwingine taa ya baiskeli inatangulia sekunde chache. Copenhagen, kwenye barabara ya Nørrebrogade, taa zimepangwa zifuate mwendo wa baiskeli wa kilomita 20 kwa saa. Ukishika mwendo huo unakuta kijani baada ya kijani. MkaaKimara, fikiria hiyo kwa mtu mwenye mzigo kama wako, afike mjini bila kusimamishwa kila makutano.

Ila haya tunayadai kwa nani, ikiwa kila mhandisi anayepita pale Magomeni anatuona hatuiheshimu hata taa iliyopo? Mwaka 2018 Dar ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, na sababu kubwa ilikuwa mradi wa mwendokasi, pamoja na njia za miguu na baiskeli zilizojengwa pembeni yake. Njia hizo leo zimejaa bodaboda, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Mimi nataka zirudi kwetu, na nataka tukienda kuzidai tusiambiwe "na ninyi je?"

---

InjiniaWaMtaa

Niingize hesabu kidogo kwa sababu nadhani inaamua mambo mengi hapa.

Taa ya njano kwa kawaida ni sekunde 3 hadi 5, na baadaye kuna sekunde moja au mbili ambapo pande zote ni nyekundu ili walioko katikati wamalize. Muda huo unapangwa kwa mwendo wa gari. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo makutano ya mita 30 linayamaliza kwa sekunde mbili na ushee. Baiskeli ya kilomita 15 inakwenda mita 4 na kidogo kwa sekunde, inahitaji sekunde 7. MkaaKimara na gunia zake, tuseme kilomita 10 kwa saa, anahitaji sekunde karibu 11.

Maana yake mwenye baiskeli aliyeingia kijani ya mwisho, kihalali kabisa, anaweza kukutwa katikati na magari ya upande wa pili yameshawashiwa. Aliyeingia njano ndiyo kabisa. Aliyeingia nyekundu hana hata sekunde moja iliyowekwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo kwa baiskeli njano ihesabiwe nyekundu. Na wale wanaofuata bodaboda waangalie sana hapa. Bodaboda zikikurupuka wakati taa imeshabadilika, zenyewe zinatoka katikati kwa sekunde mbili tatu, wewe uliyezifuata nyuma unaachwa katikati peke yako na ukuta wa magari unakuja.

Suala la kuongeza ile sekunde ya pande zote nyekundu kwenye makutano makubwa ni la kubadilisha mpangilio kwenye kisanduku cha taa. Halihitaji kubomoa barabara. Hilo linadaika.

---

MtuWaKigogo

Mkuu Injinia, hesabu yako sina la kuipinga, hapo kwenye kufuata bodaboda nimekuelewa. Ila mwenzako natoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi mzigo. Taa inawaka nyekundu, barabara tupu, hakuna gari wala mtu, na pale pembeni vijana wamekaa kwenye giza wanakuangalia. Unataka nisimame dakika nzima niwasubiri waje wachukue baiskeli na simu?

---

PedeliMabibo (mleta mada)

Hapo sina ubishi na wewe. Mtu anayehofia kukabwa aondoke, aangalie pande zote na aende. Sitamhukumu mtu kwa kuokoa maisha yake, na sidhani kuna askari mwenye busara atakayemkamata kwa hilo.

Ninachokataa ni kuichukua ile ya saa kumi alfajiri, barabara tupu, tukaigeuza kibali cha saa mbili asubuhi Buguruni. Wengi tunaowaona wakipita nyekundu hawakimbii vibaka. Wanapita mchana kweupe katikati ya watu wanaovuka.

---

MamaWaTabata

Wanangu, nimesoma kimya ila naona niseme, kwa sababu nyote mnaongea mkiwa mmepanda kitu.

Mimi natembea. Navuka Buguruni na mjukuu wangu wa darasa la pili. Magari nimejifunza kuyasoma. Dereva akipunguza najua, asipopunguza najua, na nikimwangalia usoni ananiona. Baiskeli ndiyo siiwezi. Inatokea kwenye upenyo, na mwenyewe anapiga kengele akiwa ameshanifikia, au hana kengele anapiga mluzi. Mluzi ule maana yake nini? Nisimame? Nirudi? Nikimbie? Mjukuu anakwenda huku mimi nakwenda huku, tunaachana mikono katikati ya barabara.

Mwaka juzi nilipigwa na hendeli ubavuni. Sikuanguka, lakini kikapu kilimwagika, na yule kijana aligeuka nyuma akasema "samahani mama" huku anaendelea kukanyaga. Alikuwa na adabu, hilo sikatai. Lakini hakusimama. Maumivu ya ubavu niliyasikia wiki nzima.

Ile dakika moja ya taa ndiyo dakika pekee niliyopewa katika barabara yote ile. Wenye magari wengi siku hizi wananiachia. Naomba na ninyi mniachie.

---

MkaaKimara

Mama pole sana. Shikamoo.

Nimekuelewa. Basi niulize waliotangulia, mimi na mzigo nifanyeje pale? Maana kusimama ndiyo huko nilikokueleza.

---

FundiManzese

Kaka Mkaa, mambo mawili.

La kwanza, stendi. Tafuta ile stendi ya miguu miwili inayokaa chini ya gurudumu la nyuma, tunachomelea nondo pana kidogo. Ukisimama unaikanyaga, baiskeli inakaa yenyewe na gunia zake, hukumbatii kitu. Ukitaka kuondoka unasukuma mbele inajikunja. Wabeba mizigo wa bara wanaitumia sana.

La pili, ukiona njano mbali usikanyage kuiwahi. Acha kukanyaga mapema, baiskeli ijipunguze yenyewe, mara nyingi utafika kijani imerudi na hujasimama kabisa. Mzigo ukiwa bado una mwendo hata kidogo ni rahisi kuliko kuanza na sifuri.

Na punguza gunia moja. Hilo najua halikufurahishi.

---

MstaafuIlala

Vijana, niongeze kwa upande wa sheria, kwa kuwa nimekaa nayo miaka mingi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, ndiyo inayotuongoza mpaka leo pamoja na marekebisho yake. Wenye baiskeli wengi wanadhani ni ya wenye leseni na namba za usajili. Baiskeli ni chombo cha barabarani. Hata Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamhesabu mwenye baiskeli kuwa dereva. Anapanda chombo, anaongoza chombo, ana wajibu wa dereva. Akishuka akaanza kusukuma, ndipo tunamtazama kama mtembea kwa miguu.

Kuna moja linalochanganya wengi, kwa hiyo nilisemee. Askari akiwa katikati ya makutano anaongoza kwa mkono, mkono wake unashinda taa. Asubuhi na jioni hapa Dar mara nyingi askari anavuta upande mmoja dakika nyingi huku taa zinaendelea kubadilika zenyewe juu ya kichwa chake. Mwenye baiskeli anaona kijani yake, anaingia, kumbe askari ameruhusu upande mwingine. Ukifika makutano, tafuta kwanza sare nyeupe. Ukiikosa ndipo uinue macho kwenye taa.

Kuhusu adhabu, hapa nitatofautiana na wanaotaka baiskeli zikamatwe. Faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, katika bajeti ya 2021/22, baada ya kuonekana inawaumiza. Mtu wa baiskeli ana kipato cha chini ya hapo. Ukimnyang'anya baiskeli umemnyang'anya chakula cha watoto wake jioni hiyo hiyo, na kesho ataazima nyingine isiyo na breki. Mimi ningetaka askari amsimamishe, amshushe, amwache avuke akisukuma mbele ya wenzake, na amwangalie breki. Atakumbuka.

---

DerevaGongoLaMboto

Mzee shikamoo, na asante kwa hilo la mkono wa askari. Nasi madereva kuna wanaolichanganya.

Ombi langu kwa wenye baiskeli. Mkifika kwenye taa na mbele yangu kuna nafasi, piteni mje msimame mbele kabisa, katikati ya njia, nikuone kofia mpaka viatu. Msijibane kushoto karibu na mlango wangu. Mkiwa mbele yangu nitapiga honi kwa hasira, najua tabia zetu, lakini sitakukanyaga, kwa sababu nakuona. Mkichelewa kufika mkanikuta nimeshaanza kuondoka, kaeni nyuma yangu. Hakuna mahali pazuri ubavuni kwa gari kubwa.

---

AnzaUpya_Sinza

Habari wadau. Nimenunua baiskeli ya mtumba wiki hii, nimesoma uzi wote na nimeogopa kidogo, lakini nataka kuanza. Swali langu ni la vitendo. Nikitoka Manzese nikifika pale Magomeni nataka kukata kulia niingie Kawawa niende upande wa Ilala. Nifanyeje? Kuhamia njia ya kulia katikati ya magari sithubutu, na pale katikati kuna mwendokasi.

---

PedeliMabibo (mleta mada)

Karibu sana barabarani, na usihamie kulia. Fanya hivi.

Baki kushoto kwako kama vile unaenda mjini moja kwa moja. Kijani ya Morogoro ikiwaka, vuka Kawawa ukinyoosha, upande wa kushoto. Kabla hujaingia ukichungulia bega la kulia hakikisha hakuna gari linalokata kona kuelekea Kinondoni, hilo ndilo linaloweza kukugonga pale. Ukifika ng'ambo usiendelee. Simama kwenye kona, geuza baiskeli ielekee Ilala. Sasa uko mbele ya magari yanayotoka Kinondoni, na madereva wake wanakuona. Subiri kijani ya Kawawa, ikiwaka nenda nayo, na ukivuka njia ya mwendokasi angalia pande zote mbili hata kama una haki, maana mabasi hayo yanatoka huku na huku.

Inakugharimu taa mbili badala ya moja. Denmark ndivyo sheria inavyowataka wenye baiskeli wakate kona ile inayopita mbele ya magari, kwao ni ya kushoto kwa kuwa wanaendesha kulia. Na kama siku hiyo kumefurika au kuna askari anavuta upande mmoja kwa muda mrefu, shuka, panda kwenye njia ya miguu, vuka na watu kwenye vivuko viwili ukisukuma.

Kabla ya yote, pita kwa FundiManzese au fundi yeyote wa karibu nawe akubane breki zote mbili, na akufungie kengele. Kengele ipige ukiwa mbali, mama mwenye beseni awe na muda wa kugeuka.

Ukijaribu, rudi hapa utuambie ilikuwaje kwenye ile kona. Na MkaaKimara, ukichomelewa hiyo stendi weka picha, kuna wengi wataihitaji.